Mapambo ya sikukuu maktabani: hatari huja milango ikishafungwa

Simba wawili wa mawe wanalinda ngazi za Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, katikati ya jiji la Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miongo ya kwanza lilikuwa la Wazungu pekee. Leo ni maktaba ya umma chini ya Kaunti ya Nairobi, na mbali na vitabu, humo mmehifadhiwa magazeti ya Afrika Mashariki ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Gazeti la namna hiyo likiungua, hakuna duka liuzalo jingine.

Kwa hiyo desturi ya kupamba maktaba wakati wa Krismasi, Mwaka Mpya au Idi, njema kama ilivyo, inahitaji uangalifu kuliko mapambo ya nyumbani. Nyumbani sikukuu huwakuta watu ndani. Maktabani huwatoa watu nje: tarehe 25 na 26 Desemba milango hufungwa, na cheche ikizuka hakuna wa kuiona hadi moshi utokee madirishani.

Kitabu kilichofungwa na kubanwa rafuni hakishiki moto kwa wepesi kama watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa hewa haipiti baina ya kurasa zake. Kinachowaka upesi ni karatasi iliyo peke yake, hasa ikining'inia hewani. Mnyororo wa karatasi za rangi uliofungwa kutoka rafu moja hadi nyingine huwa utambi, ukiupeleka mwali mahali ambapo usingefika kwa urahisi. Ndivyo ilivyo pia kwa nyuzi za plastiki zinazong'aa, na kwa pamba inayotandazwa kuigiza theluji, ambayo Nairobi haijui. Rafu ziachwe kama zilivyo. Mapambo yakae ukutani au kwenye meza ya mapokezi, mbali na balbu.

Mwanzo wa moto, mara nyingi, ni umeme. Majengo mengi ya zamani yalitandikwa nyaya kabla ya kompyuta kuwapo, na mzigo wake ni mkubwa tayari. Anayeunganisha ekstensheni moja kwenye nyingine, kisha akaupitisha waya chini ya zulia ili watu wasijikwae, ameondoa hatari ndogo na kuleta kubwa: waya uliofunikwa hauwezi kupoa, na ukichubuka hakuna anayeuona. Taa za LED hupata joto kidogo kuliko balbu za zamani, lakini nazo zichomolewe kwenye soketi kila jioni. Mishumaa haina nafasi humo hata kidogo. Fanusi za Idi ziwe za betri.

Mti mbichi nao una tabia yake. Msaiprasi wa nyanda za juu au mvinje wa pwani, ukishakatwa, huanza kukauka, na ukikauka huwaka kwa nguvu. Uwekwe ndani ya ndoo ya maji, nao utolewe siku ya kufunga, usisubiri Mwaka Mpya. Aidha, ukaguliwe kabla ya kuingizwa, kwani matawi huweza kubeba wadudu.

Umuhimu wa kuiacha milango huru ulionekana Afrika Kusini tarehe 18 Aprili 2021. Siku hiyo moto wa nyika kutoka miteremko ya Mlima Table uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuuteketeza Ukumbi wa Kusomea wa Jagger. Haukutokana na mapambo, lakini somo ni lile lile: milango maalumu ya kuzuia moto ilijifunga, ikaokoa sehemu kubwa ya hazina iliyokuwa chini ya ardhi. Mlango wa namna hiyo ukizuiliwa kwa mti au kasha la zawadi, hauwezi kufanya kazi yake. Vitambuzi vya moshi na vinyunyizio vya maji vya darini navyo visifunikwe kwa maputo.

Huko Cape Town maji ya zimamoto yaliingia katika hifadhi hiyo, na wafanyakazi pamoja na watu wa kujitolea wakalazimika kuyatoa makasha kwa makasha. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili au tatu, ndiyo maana vitabu vilivyolowa mara nyingi hugandishwa kwenye friza hadi vitakapoweza kukaushwa. Hata moto mdogo uliozimwa mapema, basi, huacha kazi kubwa.

Yapo pia madhara yasiyo na moshi. Selotepu huacha gundi inayochuna rangi ya ukuta na kuharibu mbao kuukuu. Unga wa kumetameta huingia katikati ya kurasa, na kuusafisha ni karibu muhali. Meza yenye vitabu vyenyewe vya hadithi na mapishi ya sikukuu, vikiwa wazi kwa wasomaji, hupendeza bila gundi wala waya.

Siku ya kufunga, mfanyakazi mmoja anayejulikana kwa jina katika ratiba ya zamu azunguke vyumba vyote na kuchomoa plagi. Mlinzi wa usiku akabidhiwe namba ya zimamoto, pamoja na simu ya mtu mwenye funguo za stoo.