Kuondoa Gia ya Taimingi Iliyokwama katika Lori Kuukuu

Lori likilala njiani kati ya Bunda na Musoma, au katika barabara iendayo Butiama, wakati pamba inangojwa sokoni, hasara haimwangukii mwenye lori peke yake; wakulima nao hupata taabu. Kwa hiyo twaeleza hapa kazi moja ambayo, ikifanywa kwa haraka, huharibu injini iliyoweza kupona. Hata asiyekuwa fundi na asome, maana yeye ndiye atakayelipa.

Ndani ya injini mna shafti ya chuma iliyopindwapindwa, iitwayo krenkishafti, izungushwayo na pistoni. Mbele yake imevishwa gia ndogo, nayo huzungusha gia kubwa ya kemshafti, yaani shafti ifunguayo valvu. Gia kubwa ina meno maradufu, ili krenkishafti ikizunguka mara mbili, kemshafti izunguke mara moja tu. Katika injini za Chevrolet za silinda sita zilizoanza kutolewa mwaka 1929, gia hizi mbili huumana zenyewe pasipo mnyororo. Meno ya ile ndogo yakilika, haina budi kutolewa.

Watu wengi hudhani ya kwamba imeshikwa na kutu. Sivyo. Kiwandani tundu la gia hufanywa dogo kidogo kuliko shafti, kisha gia hushindiliwa kwa nguvu. Na ndani yake hukaa kii, kipande kidogo cha chuma kiizuiacho isizunguke peke yake. Basi kushika sana ndiyo kazi yake.

Fungua kwanza waya za betri, uondoe rejeta, puli na kifuniko cha mbele. Zungusha injini kwa mkono mpaka alama za gia mbili zielekeane. Kisha tumia pula. Kucha zake zikae nyuma ya gia, wala zisivute kwenye ncha za meno, kwa kuwa meno hukatika. Gia ikiwa na matundu ya boliti, hayo ni bora zaidi. Mbele ya shafti weka kipande cha shaba, ili ncha ya pula isiharibu nyuzi za boliti. Kaza, ngoja, kaza tena.

Ikikataa, itie moto gia, si shafti. Chuma cha tundu la milimita 40 kikiongezewa joto la digrii 150 hupanuka milimita 0.07 hivi, kadiri ya unywele mmoja. (Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo: 40 mara 150 mara 0.000012.) Unywele huo mara nyingi watosha. Funika shafti kwa vitambaa vilivyolowa maji, pasha gia upesi kuizunguka pande zote, huku pula imekwisha kukazwa. Chuma kikianza kugeuka rangi ya buluu, joto limekaribia digrii 300, na gia hiyo haifai kurudishwa. Tena kumbuka ya kuwa gia kubwa ya lori nyingine si chuma, bali ni nyuzi zilizogandishwa, nayo huungua, ikingie. Petroli iwe mbali, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Sasa neno kwa mwenye lori. Ukimwona fundi anapiga ncha ya krenkishafti kwa nyundo, au anatia mtaimbo kati ya gia na injini, mzuie mara moja. Pigo lile huenda moja kwa moja kwenye beringi izuiayo shafti isisogee mbele na nyuma, na mtaimbo huvunja chuma cha kalibu, ambacho hakipindiki.

Pula na moto zikishindwa, itoe gia mhanga. Itobolewe kwa drili juu ya kii, kati ya meno mawili, tundu likaribie shafti lisiifikie. Halafu ipasuliwe kwa tindo. Gia mpya hununuliwa. Krenkishafti iliyochubuka hudai injini yote ifunguliwe.

Gia mpya ipashwe katika mafuta ya moto, ikae mahali pake alama zikielekeana. Kabla ya kuwasha, zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zisipokutana tena, ivue uanze upya.