Huzuni na Saratani

Mara nyingi mgonjwa wa saratani huambiwa, tena na jamaa zake mwenyewe: "Maradhi haya umejiletea kwa fikira zako." Neno hili humzidishia maumivu juu ya maumivu. Basi yafaa tujue ni lipi lililothibiti na lipi lisilothibiti.

Mwaka 2023 ilitolewa hesabu ya watu zaidi ya 300,000 wa Uholanzi, Uingereza, Norwei na Kanada. Haikuonekana kuwa wenye huzuni kubwa au wasiwasi hupatwa na saratani kwa jumla kuliko wengine. Saratani ya mapafu ilizidi kidogo kwao, lakini sehemu kubwa ya ziada hiyo ilitokana na sigara na mfano wa hayo.

Ama mtu aliyekwisha kupatwa na maradhi, habari yake ni nyingine. Ndani ya kila uvimbe mna jeni, nazo ni kama maagizo yaliyoandikwa. Lakini si kila agizo hutekelezwa kila wakati. Mtu akikaa katika dhiki siku nyingi, mwili wake humwaga homoni iitwayo noradrenalini, nayo huweza kuamsha baadhi ya jeni zilizotulia. Mwaka 2006 wataalamu wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba panya wenye saratani ya ovari, walipobanwa kila siku, uvimbe wao ulikua zaidi na kuota mishipa mingi ya damu. Walipopewa propranololi, dawa ya presha, athari hiyo ilizuilika. Mwaka 2009 Susan Lutgendorf wa Chuo Kikuu cha Iowa na wenzake walipima uvimbe wa wanawake 10 wenye saratani hiyo, maradhi yao yakiwa ya daraja moja. Katika wale 5 wenye huzuni nyingi na wasaidizi wachache, jeni zaidi ya 200 zilifanya kazi kwa kadiri isiyo sawa na za wale wengine 5.

Wanawake 10 ni wachache, wala panya si binadamu. Kwa hivyo mtu asimpe mgonjwa vidonge vya presha kwa rai yake, wala asidhani kuwa kumchangamsha kutasimama mahali pa matibabu. Lakini liko jambo ambalo kila nyumba yaliweza. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema, asiachwe peke yake chumbani, na huzuni yake aelezwe daktari ili itibiwe kama yanavyotibiwa maradhi mengine. Na lile neno la kumlaumu tuliache kabisa.