Mche mrefu si mche bora: Uchaguzi wa miche ya kiangazi katika joto la Imbo

MVUA zinapokatika mwishoni mwa Mei, soko la Nyanza-Lac hubadilika sura. Kando ya wauza samaki na mafuta ya mawese hujitokeza akina mama wenye mabeseni ya miche: nyanya, kabichi, biringanya, pilipili na intore, zile ambazo wenzetu wa Kigoma huziita ngogwe. Wanunuzi huinama, huchagua, hulipa na kuondoka. Wengi wao huchagua mche wa namna moja: ule uliorefuka kuliko mingine, na ikiwezekana ulioanza kutoa ua.

Mimi ni mwalimu katika eneo hili, na wanafunzi wangu ni watoto wa wanunuzi hao. Sare na madaftari ya Septemba hutoka kwenye nyanya za Agosti. Mara nyingi mtoto anayeanza mwaka wa shule bila daftari anatoka nyumba ambayo miche yake ilikufa Juni. Ndiyo maana nasema uchaguzi wa mche si jambo dogo, hasa kwetu sisi tuliorejea kutoka Tanzania. Wengi tulikuta mashamba ya wazazi yanakaliwa na watu wengine, na baada ya mashauri, pamoja na yale yaliyopita kwenye Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa mwaka 2006, wapo walioishia kugawana shamba na waliowakuta. Mwenye kipande kidogo hawezi kuishi kwa muhogo. Humlazimu apande kitu chenye bei, na kitu hicho ni mboga.

Nafasi ni fupi

Ukanda wa Imbo ulio kando ya Ziwa Tanganyika uko kati ya mita 770 na 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya joto. Mboga hupata nafuu kati ya Juni na Agosti, kipindi ambacho maofisa kilimo hukiita Msimu C na kwa Kirundi ni ici. Mvua hakuna, kwa hiyo ukungu unaochoma majani ya nyanya wakati wa masika hupungua. Usiku kuna ubaridi kidogo. Maji ya kumwagilia hutoka kwenye vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Mirwa.

Lakini Septemba joto hupanda tena. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 na usiku nao ukabaki juu ya nyuzi 21 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika na maua mengi hupukutika bila kufunga tunda. Mche uliopandikizwa mapema Juni hutoa maua Julai na huvunwa Agosti. Mche uliosimama wiki tatu ukijaribu kuota mizizi mipya hukutana na joto ukiwa bado na maua. Hakuna muda wa kununua tena.

Ya Kasulu si ya Nyanza-Lac

Nilijifunza bustani katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, kambi iliyofungwa mwaka 2012. Kule ni zaidi ya mita 1,200, na kwa kawaida kila mita 100 unazoteremka huongeza joto kwa nyuzi 0.6 hivi. Kwa hiyo kando ya ziwa kuna joto zaidi ya Kasulu kwa karibu nyuzi 3. Kabichi iliyokuwa ikifunga vizuri kule inaweza kuishia kuwa majani matupu hapa. Anayerejea akiwa na mbegu alizozizoea alikotoka anapaswa kuzijaribu kwenye tuta moja kwanza, asizipande shamba zima.

Muulize muuzaji jina la mbegu. Kwa nyanya, Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 1997, zinajulikana pande zote mbili za mpaka, na matunda yake magumu huvumilia safari ya gari. Kwa vitunguu, Red Creole na Bombay Red hufunga vichwa katika nchi zetu ambazo mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Vitunguu vya nchi za baridi husubiri mchana mrefu ambao hapa haupo, hivyo hutoa majani tu. Muuzaji asiyejua jina la mbegu yake anakuuzia bahati nasibu.

Jinsi ya kuuchunguza mche

Mche mzuri wa nyanya una wiki nne hadi tano tangu mbegu imwagwe, urefu wa sentimita 10 hadi 15, majani manne hadi sita na shina nene kama penseli. Ule mrefu mwembamba ulisongamana kitaluni ukatafuta mwanga. Una majani mengi yanayopoteza maji na mizizi michache ya kuyarudisha, na jua la saa saba mchana huulaza chini. Wenye ua umekaa kitaluni kupita muda wake. Ukishapandikizwa hulisha ua badala ya mizizi.

Omba kung'oa mche mmoja. Mizizi iwe myeupe na mingi. Ikiwa ya kahawia au ina vinundu, acha beseni zima, kwa maana vinundu hivyo ni alama ya minyoo fundo, na minyoo hiyo ikiingia shambani haitoki kirahisi. Geuza majani uangalie upande wa chini kama kuna inzi weupe au wadudu mafuta. Majani yenye michirizi au mabaka meupe ya wadudu waliochimba ndani yake yanaweza kuwa na kantangaze, yule nondo anayemaliza nyanya.

Kwa kabichi, tazama katikati ya majani. Pale pana kijicho cha kukulia. Kikiwa kimeliwa na kiwavi, mche huo hautafunga kabichi hata ukiulisha samadi ya zizi zima. Biringanya na pilipili hukua polepole, hivyo usikatae yenye wiki sita au saba. Bamia na lengalenga usinunue miche kabisa. Mwaga mbegu moja kwa moja shambani, nazo hustahimili joto kuliko kabichi.

Uliza pia udongo wa kitalu ulitoka wapi. Ukitoka shamba lililokuwa na nyanya, unaweza kubeba mnyauko wa bakteria. Mmea wenye ugonjwa huo hulegea mchana ilhali udongo una maji. Kata shina lake na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, usipande nyanya, biringanya, pilipili, intore wala viazi ulaya mahali hapo kwa misimu kadhaa.

Kwa wanaovuka mpaka

Wafanyabiashara wanaopita Manyovu na Mugina hunipa hoja kwamba miche ya upande wa pili ni rahisi. Huenda ni rahisi, lakini mimea hai huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na beseni lisilo na cheti linaweza kuzuiwa likanyaukia mpakani. Mbegu nazo hukaguliwa, ila pakiti iliyofungwa, yenye jina na tarehe, haiharibiki ukisubiri foleni. Faida iko hapo: leta mbegu halali, kisha anzisha kitalu karibu na wateja. Mkulima akiona kitalu chenyewe, hana haja ya kubahatisha.

Anayesafirisha miche ndani ya nchi aifunge mizizi kwa majani mabichi ya mgomba, asafiri alfajiri, na asiirundike.

Hesabu ya kipande kidogo

Eneo la mita 10 kwa 10, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, huchukua miche 330 ya nyanya. Nunua 360 ili uzibe mapengo. Wiki moja kabla ya kupandikiza, muuzaji apunguze maji na kuondoa kivuli ili miche izoee jua. Kama hakufanya hivyo, fanya mwenyewe nyumbani kwa siku tano. Pandikiza jioni, mwagilia papo hapo, weka matandazo ya nyasi kavu na kivuli chepesi cha makuti ya mchikichi kwa siku tatu au nne.

Mabeseni yatakuwepo sokoni mpaka Juni iishe, na miche mirefu itaendelea kuisha kwanza. Wewe mwambie mama muuzaji akupe ile mifupi minene iliyobaki chini ya beseni. Huenda akakupunguzia na bei.