Usikubali Kufomati Diski

Picha za harusi ulizihifadhi kwenye diski ukitumia Linux. Sasa umezipeleka saiba pale Samburu (ya Kwale, si ile ya kaskazini) zichapishwe, nayo Windows yasema diski lazima ifomatiwe kwanza.

Kataa! Picha zimo. Linux huzipanga faili kwa mtindo wa ext4, ambao Windows haiusomi yenyewe. Ukifomati, harusi imefutika. Rudi nyumbani uzinakili kwenye flashi ya exFAT, inayosomwa na zote mbili. FAT32 hukataa video iliyofika GB 4.

Na je, skrini ikiwa nyeusi? Mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha, hasa NVIDIA. Washa kwa hali ya uokoaji, uweke draiva inayofaa. Nawajua waliofuta mashine nzima, na faili hazikuwa na kosa lolote.