Samadi Kwenye Udongo wa Mabomu

Maji yenye TNT yakipigwa na jua huiva rangi ya waridi. Kwenye ghala la jeshi la Umatilla, jimbo la Oregon nchini Marekani, maji ya aina hiyo yalimwagwa kwenye mabwawa mawili yasiyosakafiwa tangu miaka ya 1950 hadi 1965. Mabomu yalioshwa ndani kwa maji ya moto, na uchafu ukaachiwa ardhi iunywe.

Udongo kama huo unaweza kuchomwa kwenye tanuri, ila moto humaliza sumu pamoja na uhai wa udongo wenyewe. Katika miaka ya 1990 Umatilla ikachagua mboji. Udongo ulichanganywa na samadi ya ng'ombe, kinyesi cha kuku, unga wa mbao, majani ya lusani na mabaki ya viazi, ukapangwa matuta marefu na kugeuzwa kwa mashine. Aliyewahi kuchomeka mkono ndani ya rundo la samadi mbichi analijua joto lake. Ni joto la bakteria walio kazini.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana kusema bakteria "wanakula" sumu hupotosha. Molekuli ya TNT ni pete ya kaboni iliyobeba vikundi 3 vya naitro. Vikundi hivyo huvuta elektroni kwa nguvu, hivyo vimeng'enya vinavyozoea kupasua pete kwa oksijeni havipati pa kushika. Bakteria huanzia pembeni: hugeuza naitro kuwa amino, kimoja baada ya kingine. Amino hizo hung'ang'ania mboji, na zikishashika, ni vigumu mvua kuzing'oa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni ya TNT bado imo humo, imefungwa. Kwangu hiyo ni kazi ya thamani kubwa, lakini anayewaambia majirani kwamba sumu imeliwa yote anawanyima sababu ya kudai udongo uendelee kupimwa.

RDX, kilipuzi kingine cha mabomu, ndiyo huliwa kweli. Bakteria fulani wa jenasi Rhodococcus ana kimeng'enya kiitwacho XplA. Kikishang'oa naitro, pete huvunjika, naye hupata naitrojeni ya kukulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliopandikiza jeni zake kwenye nyasi, walishirikiana na wenzao wa Marekani kuzijaribu nyasi hizo kwenye uwanja wa jeshi wa Fort Drum, New York.

Taabu ni kwamba RDX haikai ikangoja. Haishiki udongo sana. Mvua huiteremsha hadi kwenye maji ya visima, kama ilivyotokea Cape Cod, Massachusetts. Huko chini mboji haifiki. Njia mojawapo ni kusukumia molasi au sukari kupitia kisima: bakteria waliomo humo huila, oksijeni huisha, ndipo huigeukia RDX. Sukari ikikatika, kazi hulala, na bomba hurudishwa kisimani.