Asali Ikifika Tokyo

Kilima cha Old Kampala kimezoea majina yaliyopita vinywani mwa wageni. Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome yake hapa Desemba 1890. Simulizi inayojulikana ni kwamba Waingereza walikiita kilima cha swala pala, Waganda wakasema kwa ulimi wao akasozi k'empala, na mji ukabaki na Kampala. Hata msikiti mkubwa wa kileleni uliwahi kuitwa kwa jina la Gaddafi. Alipoanguka, ukawa Msikiti wa Taifa wa Uganda.

Tuseme basi mfanyabiashara mwenye duka chini ya msikiti huo anataka kuuza asali Japani, na kampuni ameshaipa jina: Asali. Jina fupi, tamu, Mswahili yeyote analielewa. Anakwenda URSB, ofisi ya usajili wa kampuni. Huko wataangalia kama kuna aliyemtangulia, na kama jina linafaa kusajiliwa. Jinsi litakavyosikika Tokyo si kazi yao.

Kijapani hakitofautishi L na R. Neno la kigeni huandikwa kwa katakana, herufi ambazo karibu kila moja ni silabi nzima, na Asali hutoka humo ikiwa Asari. Sasa, asari ni kombe, wale wadogo wa mchangani ambao Wajapani huwatia kwenye supu ya miso. Mtungi wa asali umeandikwa kombe! Na Mganda hahitaji somo refu hapa. Katika Luganda pia L na R ni sauti moja. Huandikwa R ikitanguliwa na e au i, kwingineko L. Mzanzibari ndiye atakayebishana.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni kulitafuta jina kwenye kamusi likiwa na tahajia yake ya nyumbani. Lipitishe kwanza katika katakana: kwa kawaida si huwa shi, hu huwa fu, tu huwa tsu, na v mara nyingi huwa b. Kampala yenyewe ni Kanpara. Kinachotafutwa kwenye kamusi ni hicho kilichotafunwa.

Mengine hayahitaji kutafunwa, yamefanana tangu mwanzo. Hana ni ua, na pia ni pua. Nani kwao ni "nini". Saba ndilo la kuogopwa na mfanyabiashara. Ni samaki wa jamii ya vibua, na Wajapani wana msemo wa "kuhesabu saba", maana yake kuchezea hesabu kwa faida yako. Husimuliwa kwamba wauza samaki, kwa kuwa saba huoza upesi, waliwahesabu mbiombio na idadi ikapotea njiani. Ukijiita Saba ukiuza kahawa kwa kilo, umejishtaki mwenyewe. Shi nayo inatamkwa sawa na neno la kifo na la nne, lakini hapo watu huogopa kupita kiasi. Kijapani kimejaa shi na maisha yanaendelea.

Mjapani anayekuja kwetu naye ana mtihani wake. Dubu kwao ni kuma, na kuna jiji zima linaloitwa Kumamoto. Siendelei, huenda mkwe wako anasoma juu ya bega lako.

Baada ya kamusi, waulize watu, na wasiwe wa rika moja wala wa mji mmoja, kwa kuwa tusi jepesi la Tokyo linaweza kuuma zaidi Osaka. Wasomee jina kwa sauti kabla hujawaonyesha. Kisha tafuta kwenye J-PlatPat, hazina ya alama za biashara ya Japani, ambako unaweza kutafuta kwa matamshi, si kwa maandishi tu. Wajapani wenyewe hupima hata mwonekano: familia ya Toyoda, katika miaka ya 1936 na 1937, iliiita kampuni ya magari Toyota, jina ambalo kwa katakana lina mistari minane, hesabu ya heri. Ndilo jina lililo kwenye kamunye nyingi, zile basi ndogo za abiria, zinazopita chini ya kilima hiki.

Na Asali? Si tusi, wala halimwaibishi mtu. Kwa mtungi wa asali ningelibadilisha. Kwa mgahawa wa vyakula vya baharini ningelilipia siku hiyohiyo.