Kaskazini kwa Meli (4): Mahame Yasiyokuwa Mahame

Msimu huu wa 2026 mji wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska, umeanza kuzihesabu meli za utalii kwa vitanda. Makubaliano ambayo mji na kampuni za meli waliyafikia mwaka 2024 yanataka vitanda vya meli zinazofika kwa siku moja visizidi 16,000, na siku ya Jumamosi visizidi 12,000. Wakazi wa Juneau wenyewe ni kama 32,000 hivi. Mwaka huohuo wa 2024 walipiga kura kuamua kama meli kubwa zipigwe marufuku kila Jumamosi. Wengi wakakataa, kwa kuwa utalii ndio unaolisha nyumba nyingi pale, na wale waliochoshwa na misongamano wakabaki na kikomo hiki.

Habari hiyo imewafanya baadhi ya wasomaji, hasa ndugu zetu wanaoishi Seattle na vitongoji vyake, waniulize swali la haki kabisa: ikiwa nafasi zinabanwa, familia yenye watoto na bibi ipange vipi safari ya Alaska, na ilipe lini? Nitajibu. Kuhusu njia ya ndani inayopita katikati ya visiwa, na jinsi Urusi ilivyoiuza nchi isiyokuwa yake kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, tulikwisha kuzungumza katika makala zilizopita. Lakini huwezi kupanga safari ya familia kwenda Alaska bila kuijua familia ya Harriman, na hadithi yao nimeiahidi tangu makala ya pili.

Edward Harriman alikuwa tajiri wa reli, bwana wa Union Pacific. Mwaka 1899 daktari wake alimwambia amechoka, apumzike. Harriman akaamua kuchukua mke na watoto wake watano waende Alaska kwa meli, na yeye mwenyewe akawinde dubu. Mdogo kabisa, Roland, alikuwa na miaka mitatu. Kaka yake Averell alikuwa na miaka saba, na ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Marekani mjini Moscow wakati wa Vita vya Pili na baadaye gavana wa New York. Kwa hiyo safari ile mashuhuri, ambayo vitabu vinaiita msafara wa kisayansi, kwa asili yake ilikuwa likizo ya watoto wa shule na wadogo zao.

Sayansi iliingia kwa sababu meli ilikuwa kubwa mno kwa familia moja. Harriman alikwenda Washington kumwona mwanabiolojia C. Hart Merriam, akamwambia achague wataalamu bora wa nchi nzima, gharama zote juu yake. Merriam, baada ya kusadiki kwamba hataniwi, akawakusanya: John Muir aliyeijua mito ya barafu ya Alaska kwa miguu, John Burroughs mwandishi wa habari za ndege na misitu, George Bird Grinnell aliyewajua wenyeji wa nyanda za magharibi, wanajiolojia, wataalamu wa mimea, wachoraji. Mpiga picha alikuwa kijana wa Seattle, Edward Curtis. Mwaka mmoja kabla, Curtis alikutana na Merriam na Grinnell wakiwa wamepotea kwenye mlima Rainier, akawaongoza hadi mahali salama. Kupotea mlimani kumewahi kumpatia mtu riziki kuliko shahada nyingi.

Meli yenyewe, George W. Elder, ilikarabatiwa ikawa jumba la kuelea. Ilibeba watu 126, maktaba ya vitabu zaidi ya 500, na ndani ya ngama kulikuwa na maksai kumi na mmoja, kondoo, kuku, bata mzinga, farasi, na ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya watoto. Waling'oa nanga Seattle Mei 31, 1899, wakarudi Julai 30. Katikati ya hapo walifika hadi pwani ya Siberia kwa kuwa Bibi Harriman alipenda kuiona. Ninaposikia watu wakilalamika kwamba meli za leo zina anasa kupita kiasi, mabwawa ya kuogelea na kumbi za sinema, namkumbuka yule ng'ombe.

Faida kwa elimu ilikuwa kubwa, na sina haja ya kuibeza. Mamia ya viumbe wasiojulikana kwa sayansi walielezwa, ghuba yenye mito ya barafu ambayo haikuwa kwenye ramani ilichorwa na kupewa jina la Harriman, picha maelfu zikapigwa. Harriman alimpata dubu wake kisiwani Kodiak. Ingekuwa safari imeishia hapo, ningeisifu mpaka karatasi iishe.

Haikuishia hapo. Siku ya Julai 26, wakiwa njiani kurudi, waliteremka Cape Fox, karibu na mpaka wa Kanada. Waliona kijiji cha Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, kando ya ufuo: nyumba kubwa za mbao za mwerezi, na mbele yake nguzo za ukoo, ndefu kama minazi, zimechongwa dubu, tai, kunguru na nyangumi. Hapakuwa na mtu. Wageni wakasema ni mahame. Mabaharia na wataalamu wakashika misumeno na kamba, wakazikata nguzo, wakazikokota majini, wakazipakia melini pamoja na vinyago, mablanketi na vitu vya makaburini. Muir hakupendezwa na wengine pia walinung'unika, lakini nguzo zilikwenda. Curtis aliwapiga picha wote wamekaa ufukweni wakiwa na kijiji nyuma yao, na picha hiyo ipo mpaka leo. Hakuna aliyeficha uso. Hawakujua kwamba wanaiba, na hilo ndilo linalonitisha kuliko wizi wenyewe.

Wenyewe walikuwa hai. Watu wa Saanya, waliopunguzwa sana na ndui, walikuwa wamehamia Saxman, karibu na Ketchikan, ili watoto wapate shule na kanisa. Kuhama kwa Mtlingit hakumaanishi kwamba amezitupa nguzo zake. Nguzo ni hati ya ukoo: inaeleza nani ni nani, nani anadaiwa, wapi asili. Ilichongwa isimame palepale mpaka ioze yenyewe.

Msomaji wa Kilifi au Kaloleni, pwani ya Kenya, amekwisha kujua ninakoelekea. Wamijikenda huwasimamishia wazee marehemu waliokuwa wa chama cha gohu vigango, yaani nguzo za mbao za ukumbusho, na kigango kikishasimikwa haking'olewi, hata familia ikihamia shamba jingine. Boma likihamwa, vigango vinabaki peke yao porini. Mpita njia anayaona mahame. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango mamia viling'olewa, vikauzwa kwenye maduka ya vinyago, vikavuka bahari na kuingia katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri wa Marekani. Tofauti na Cape Fox, na niseme wazi ingawa inauma, mikono iliyong'oa mara nyingi ilikuwa ya vijana wetu wenyewe, kwa bei ya sigara na nauli ya basi. Mnunuzi aliambiwa lilelile walilojiambia wageni wa Harriman: hapana mwenyewe.

Nguzo za Cape Fox zilitawanywa: Chicago, Harvard, Cornell, Seattle, na mikononi mwa Smithsonian. Zilikaa huko kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria inayoyataka majumba ya makumbusho yarudishe mabaki ya marehemu na vitu vitakatifu vya wenyeji. Mwaka 2001 kundi la wataalamu lilisafiri tena njia ya Harriman, safari hii likiwa limebeba nguzo za kurudisha. Zilipokewa Ketchikan kwa ngoma na machozi na wajukuu wa waliohama. Na wajukuu hao wakafanya jambo ambalo sijaliona likisimuliwa vya kutosha: wakawapa makumbusho magogo mazima ya mwerezi ili zichongwe nguzo mpya, kwa idhini, kujaza nafasi iliyobaki wazi. Aliyeibiwa ndiye aliyemtuliza mwizi.

Vigango navyo vinarudi polepole. Makumbusho ya Denver yamerudisha 30, na yale ya jimbo la Illinois 37. Swali la kwamba vikifika Kenya vikae wapi, makumbusho au makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nitaliandikia siku yake. Hapa nasema tu kwamba viwe karibu na wenyewe, si stoo.

Sasa safari. Kigezo changu cha kwanza cha kuchagua ratiba si ukubwa wa meli bali ni nani anayekupokea gatini. Zipo ratiba zinazosimama Hoonah, kwenye bandari iitwayo Icy Strait Point, inayomilikiwa na Huna Totem, kampuni ya Watlingit wenyewe. Mababu zao waliishi Glacier Bay mpaka barafu ilipowafukuza katika karne ya 18. Nahodha Vancouver alipopita mwaka 1794 barafu ilikuwa imeziba mlango wa ghuba, na Muir alipofika mwaka 1879 ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Ghuba ilipofanywa hifadhi mwaka 1925 wenyeji wakajikuta wageni kwao, hata kuokota mayai ya shakwe kukawa kosa. Mwaka 2016 waliifungua tena nyumba ya ukoo ndani ya hifadhi. Meli kubwa zinazoruhusiwa humo ni mbili tu kwa siku, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha jina la Glacier Bay limeandikwa kwenye ratiba yako. Si kila kampuni ina kibali. Ratiba nyingine zilikuwa na ghuba nyembamba ya Tracy Arm, lakini baada ya maporomoko makubwa ya ardhi ya Agosti 2025 yaliyozusha mawimbi ya hatari, kampuni nyingi zimeihama njia hiyo.

Ketchikan mtasimama kwa saa chache. Wapelekeni watoto Saxman, kilomita kama nne tu kusini mwa gati. Humo imo nguzo ya Seward, waziri aliyeinunua Alaska. Alipotembelea mwaka 1869 chifu mmoja wa Kitlingit alimkirimu kwa karamu na zawadi, naye hakulipa fadhila. Akachongwa juu ya nguzo, pua na masikio yamepakwa rangi nyekundu, ili uchoyo wake usisahauliwe.

Kuhusu vitanda vya Juneau: kikomo huhesabu viwili kwa kila chumba, kwa hiyo mtoto wa tatu na wa nne wanaolala juu hawaongezi kitu kwenye hesabu ya mji. Kwenye bei yenu wanaongeza, ingawa mara nyingi ni pungufu kuliko nauli ya mtu mzima. Vyumba vya watu wanne ndivyo vinavyokwisha mwanzo. Anayetaka Julai au Agosti asingoje punguzo la dakika za mwisho. Aweke nafasi mapema, karibu mwaka mzima kabla. Mei kuna mvua kidogo na bei nafuu, lakini watoto wako shuleni. Agosti samaki wa samoni wanapanda mito na dubu wanawafuata, na makoti ya mvua hayavuliwi.

Viza ndiyo inayowakwamisha wengi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani pekee, na meli kubwa za Alaska karibu zote zina bendera ya kigeni. Ndiyo sababu meli inayotoka Seattle husimama Victoria, Kanada, hata ikiwa kwa jioni moja. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake kwa ajili ya korona, ilibidi Bunge la Marekani liiweke kando sheria hiyo kwa muda ndipo meli zikatembea. Mwenye kadi ya ukaazi ya Marekani atapita Kanada kwa kadi na pasipoti. Bibi aliyekuja kutoka Mombasa anahitaji viza ya Kanada, na ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, hata akiamua kubaki chumbani Victoria akisali na kupumzika. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika kila mara. Anzeni na ubalozi ndipo mwende kwa wakala.

Muulizeni wakala kama malipo ya awali hurudishwa na tarehe ya mwisho ya kumaliza deni ni ipi. Kwa kawaida ni miezi mitatu hivi kabla ya kuondoka. Bei ya tangazo huenda haina kodi wala ada ya jimbo ya dola 34.50 kwa kila abiria, na mara nyingi haina bahashishi za wahudumu, ambazo baadhi ya kampuni humtoza hata mtoto mchanga kwa kila siku. Wachanga wa chini ya miezi sita kampuni nyingi haziwapokei. Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kupanda meli. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinawatosha wenye watoto, kwa kuwa mwezi Juni jua la Juneau hukaa angani saa 18 na watoto hawatalala penye dirisha.

Skagway na dhahabu ya Klondike vinangoja makala ijayo.